Flare ya moto, flare ya sketi

Juzi Ngamiani kwa fundi, namwelekeza: nataka sketi ya "flare", ile inayotanuka chini. Mjomba, baharia mstaafu, akadakia: "Mwanangu, flare si ule mwanga tunaorusha chombo kikipata shida?" Fundi acheke vipi, na pini kazibana mdomoni!

Usiku nikafungua kamusi. Kumbe karne ya 16 Waingereza walilitumia kwa nywele zilizotandazwa. Moto na mwanga vikaja karne ya 17. Chimbuko lake hata wataalamu limewashinda. Na zile bugaluu za miaka ya 1970, suruali pana chini, wao huziita flares. Mjomba anakana kuwahi kuzivaa, ila picha tunayo.

Sketi nimeichukua leo. Imebana hadi magotini.