Makosa Kumi na Saba

Insha ya kwanza niliyosahihisha nikiwa msaidizi katika idara ya uandishi ilirudi mezani kwangu kabla haijamfikia mwenyewe. Mkuu wa idara alikuwa ameipitia.

"Umehesabu makosa mangapi?" aliniuliza.

Nilijibu papo hapo, maana nilikuwa nimeyahesabu kweli: kumi na saba.

"Ya aina ngapi?"

Hapo nilinyamaza. Akavuta kiti, akaketi, akaanza kunisimulia idara kama yetu zilikotoka. Mwaka 1874 Harvard walianza kuwadai waombaji waandike insha katika mtihani wa kuingia chuoni, na walichokisoma kikawashtua. Kufikia 1885 kulikuwa na kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza, na vyuo vingine vya Marekani vikafuata nyayo. "Tumezaliwa na malalamiko," alisema, "ndiyo maana mkono wetu ni mwepesi wa kuzungushia duara."

Kisha akamtaja Mina Shaughnessy, jina ambalo sikuwa nimelisikia. Mwaka 1970 chuo kikuu cha jiji la New York kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari jijini humo, wakaingia vijana wengi ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kuandika kitaaluma. Wapo wahadhiri waliowaona kuwa hawafundishiki. Shaughnessy, aliyeongoza mafunzo ya uandishi pale City College, kimojawapo cha vyuo vya chuo kikuu hicho, alizisoma insha zao zipatazo 4,000 akitafuta jambo moja: kosa hili lina mantiki gani? Akaiona. Mimi namhesabu kuwa ndiye aliyeipa kazi yetu heshima yake.

"Sasa isome hii kama yeye," mkuu akasema, akanisogezea ile insha.

"Matokeo ya utafiti huu unaonyesha..." Duara jekundu. Ukurasa wa pili: "Sababu za uhaba huo unatokana na..." Duara. Chini yake: "Madhara ya uchafuzi unaonekana..." Lakini penye sentensi fupi, "Maji yanapungua", "Visima vinakauka", hakuna kosa hata moja. Nikarudi mwanzo na kidole, neno kwa neno. Kitenzi kilikuwa kinafuata nomino iliyokikaribia, si ile iliyotawala sentensi. Makosa kumi na moja kati ya yale kumi na saba yalikuwa kosa moja tu.

"Ngeli anazijua," nikasema.

"Anazijua. Sentensi ikirefuka, kiima kinamponyoka."

Nacho kilimponyoka palepale alipokuwa na hoja nzito ya kujenga. Hilo ndilo lililonichoma. Kama ningemrudishia ile karatasi iliyojaa wekundu, angejifunza kuandika sentensi fupi zisizo na kosa wala hoja.

Nikaipiga chapa upya ile insha, safi, bila alama yoyote. Kesho yake mwanafunzi alipokuja nilimwomba aisome kwa sauti, nami nikaiweka kalamu upande wake wa meza. Akasoma vizuri hadi "utafiti huu unaonyesha", akapita, akasita, akarudi nyuma.

"Ngoja, Mwalimu," akasema. "Kinachoonyesha ni matokeo."

Akaichukua kalamu.