Ghorofa thelathini, mlango mmoja

Jumamosi jioni

Mnara wa kona umeanza kutumika. Mabati yaliyouzunguka yameondolewa, kreni imeshushwa, na watu waliozoea kuvuka kwenda upande wa pili wa barabara wameanza kurudi upande huu. Leo nimepita hapo polepole, makusudi kabisa. Sikutazama juu. Huko juu kila mtu ameshatazama na kupiga picha, na kusema kweli jengo lenyewe halichukizi. Nilikuwa natafuta milango. Nimeuona mmoja.

Kabla ya bomoabomoa, upande huu ulikuwa na safu ya nyumba za ghorofa mbilimbili zilizobanana, kila moja na mlango wake barabarani, nyingine na miwili. Fundi viatu, fundi cherehani, mpiga picha za pasipoti, wakili ambaye ngazi za ofisi yake zilianzia pembeni mwa njia. Sitaki kuzipamba nyumba zile. Mabomba yalivuja na nyaya za umeme zilikuwa za kutisha. Lakini mtu akitembea hapo alikuwa na cha kutazama kila baada ya hatua chache, na akitaka kusimama hakukosa kisingizio. Sasa kutoka kona hadi kona unapita vioo vya giza, lango la kushukia maegesho, milango ya chuma ya chumba cha transfoma, matundu ya feni yanayokupulizia hewa ya moto usoni, vioo vya giza tena, kisha mlango mpana unaofunguka wenyewe, na mlinzi.

Jan Gehl, msanifu majengo wa Denmark aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyotembea na kukaa mijini, ana kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji chombo chochote: hesabu milango. Barabara iliyochangamka, anasema, ina milango 15 hadi 20 katika kila mita 100. Inatokana na mwendo wa miguu. Mtu anayekwenda kilomita tano kwa saa, akikutana na kitu kipya kila baada ya sekunde nne au tano, haoni urefu wa njia. Mwekee ukuta mmoja mrefu usio na kitu, ataongeza mwendo, atazama kwenye simu, na kesho atapita kwingine.

Wengi hapa mtaani wanasema huu ni ubinafsi wa mwenye jengo. Nadhani jambo lenyewe ni la kawaida zaidi, na kwa hiyo ni gumu zaidi. Karibu kila kitu kinachoendesha jengo refu kinataka kukaa chini. Transfoma inataka kufikiwa na gari la mafundi wa umeme. Pampu za zimamoto, jenereta, chumba cha taka, mahali pa kushushia mizigo, njia ya magari, mapokezi, lifti, ngazi za dharura: vyote vinagombea mita zilezile chache zinazotazama barabara, na kadiri ghorofa zinavyoongezeka ndivyo vyumba hivyo vinavyohitaji nafasi zaidi, ilhali kiwanja hakikui. Msanifu akishamaliza kuvipanga, mtaa unapata kilichobaki. Na hicho kilichobaki nacho, mwenye jengo angependa akipangishe kwa benki moja yenye mkataba wa miaka mingi kuliko kusumbuana na wapangaji wadogo kumi, kila mmoja na sababu yake ya kuchelewesha kodi. Benki ikifunga alasiri, upande mzima wa mtaa umefunga nayo.

Jumapili

Upepo leo. Kwingine kote mtaani ulikuwa upepo wa kawaida, majani yanacheza tu. Pale kona ya mnara, mama mmoja aliyembeba mtoto alilazimika kugeuka nyuma na kutembea kinyumenyume hadi alipoivuka.

Hili lina maelezo yake, na wahandisi wanalijua siku nyingi. Upepo wa juu una kasi kuliko wa chini, kwa sababu huku chini nyumba na miti huukwaza. Ukiusimamishia uso mpana ulionyooka, sehemu yake hupita juu, sehemu huzunguka pembeni, na sehemu kubwa huteremka na ukuta hadi kwenye njia ya watu, halafu ikajipenyeza kwenye kona kwa nguvu. Huko Leeds, Uingereza, jengo la Bridgewater Place lenye ghorofa 32 lilikamilika mwaka 2007, na upepo wa pale chini ukawa kilio cha wapita njia. Machi 2011 lori lilipinduliwa na upepo kando ya jengo hilo na kumuua mtu aliyekuwa akienda kwa miguu. Baadaye ikabidi vijengwe vizuizi vikubwa vya chuma juu ya barabara ili kuuvunja upepo huo.

Dawa zipo, tena si za siri. Mnara ukirudishwa nyuma na kukalishwa juu ya jengo fupi la ghorofa tatu au nne, upepo unaoteremka hutua kwenye paa la hilo jengo fupi badala ya vichwani mwa watu. Paa dogo la kukinga juu ya njia husaidia kiasi. Kona za mviringo husaidia pia. Na kielelezo kidogo cha jengo hupimwa kwenye handaki la upepo, yaani chumba kirefu kinachopulizwa hewa kwa feni kubwa, kabla ya kuchimba msingi. Mnara wetu umesimama wima kutoka mbinguni hadi kwenye vigae.

Kivuli nacho ni kesi, ila sitakaa nacho sana. Jengo la Equitable la New York, lililokamilika mwaka 1915 na ghorofa zake 38 zilizonyooka bila kupungua popote, liliwakasirisha watu kwa kuwanyima jua kiasi cha kuusukuma mji kutunga sheria mwaka 1916 ya kulazimisha majengo yapungue upana kadiri yanavyopanda. Mahali penye baridi hilo ni jambo zito. Penye jua kali kuna watakaokushukuru kwa kivuli, mimi nikiwa mmoja wao, mradi kiwe kivuli unachoweza kukaa ndani yake. Na kukaa ndiko kunakonileta kwenye jambo nililoliona mbele ya mnara.

Jumanne

Mbele ya mnara wameacha uwanja mdogo wa vigae vinavyong'aa, wenye miti minne kwenye masanduku ya zege. Ukingo wa masanduku hayo una kimo kizuri cha kukalia. Mzee mmoja mwenye bahasha ya karatasi mkononi akakaa. Mlinzi, kijana mpole tu, akamsogelea.

"Samahani mzee wangu, hapo haparuhusiwi kukaa."

"Kwani nimekalia mti, mwanangu?"

"Hapana mzee, ni maagizo tu."

Mzee akanyanyuka taratibu, akaangalia huku na huku kama kuna mahali pengine. Hapakuwepo. Akaenda kusimama kwenye nguzo ya taa. Nilipopita tena jana niliona tatizo limepatiwa ufumbuzi: ukingo wote umefungwa vipande vya chuma vilivyosimama, nafasi ya shubiri moja kati ya kimoja na kingine. Mlinzi hahitaji tena kusema samahani.

Mji wa New York ulishaipitia hadithi hii na kulipa gharama yake. Kanuni zake za mwaka 1961 ziliwaruhusu wajenzi kuongeza eneo la sakafu juu endapo wataacha uwanja wa wazi chini. Wakaziacha nyanja, wakapata ghorofa zao, na nyingi ya nyanja hizo zikabaki tupu mchana kutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 William H. Whyte, mwandishi na mchunguzi wa maisha ya mijini, akaweka kamera juu ya mapaa na madirishani, akawarekodi watu kwa saa nyingi, akihesabu nani anakaa wapi na kwa muda gani. Jibu alilolipata linachekesha kwa wepesi wake: watu hukaa palipo na pa kukalia. Ukubwa wa uwanja na umbo lake havikuamua sana; vilivyoamua ni ukingo wenye kimo kinachofaa, ngazi, kiti kinachoweza kusogezwa, jua, mti, na ukaribu na barabara yenyewe. Mwaka 1975 mji ukabadilisha kanuni, na mjenzi aliyetaka ghorofa za ziada akatakiwa kutoa pa kukaa kwa kipimo.

Kanuni kama hiyo ni nyepesi kuandika. Inasema tu: sentimita ngapi kutoka ardhini, mita ngapi za ukingo kwa kila mita ya mbele ya jengo, na hakuna vyuma.

Alhamisi usiku

Rafiki yangu amehamia kwenye mnara, ghorofa za juu huko. Anafurahi, na nina kila sababu ya kufurahi naye. Mama yake anayeugua magoti anapanda kwa lifti badala ya ngazi za kuvunja mgongo. Usalama upo, maji hayakatiki. Pia amesogea karibu na kazi, kwa hiyo hakai tena saa nzima kwenye foleni ya magari. Wanaosema miji isijenge kwenda juu inabidi waseme watu waende wapi, maana wasipopanda watatawanyika pembezoni, na kila asubuhi watarudi mjini kwa magari yatakayomeza barabara ambazo tunadai tunazitetea. Hata Jane Jacobs, aliyepigania mitaa ya New York dhidi ya bomoabomoa, hakuwahi kuchukia msongamano wa watu. Aliutaka. Aliamini mtaa unahitaji watu wengi, wenye shughuli mchanganyiko na saa tofauti, ili kila wakati kuwe na macho barabarani. Alichodai pia ni nyumba kuukuu zibaki katikati ya mpya, kwa kuwa biashara changa haimudu kodi ya jengo jipya.

Ila rafiki yangu huyo sijamwona mtaani tangu ahame. Anashuka kwa lifti hadi chini ya ardhi, anaingia garini, anatoka kwa lango la nyuma. Zamani alikaa mbali na tulikutana kila mara hapa. Sasa tunachangia anwani na tunasalimiana kwa simu.

Gehl analieleza hili kwa macho na masikio. Mtu aliye ghorofa ya pili au ya tatu bado yumo mtaani: anasikia ukimwita, anakutambua, anaweza kukurushia ufunguo. Kuanzia kama ghorofa ya tano kwenda juu uhusiano unakatika. Unaona vitu vinavyosogea, huoni nyuso. Kwa hiyo nyumba mia tatu mpya zinaweza kuongezwa juu ya mtaa bila kuuongezea mtaa hata jirani mmoja, endapo njia ya kutokea haipiti barabarani. Mji wa Minneapolis, Marekani, ulikwenda mbali zaidi: tangu 1962 umekuwa ukiunganisha majengo yake ya katikati kwa madaraja yaliyofunikwa, hadi mtu anaweza kutembea mtaa baada ya mtaa bila kukanyaga nje. Wakati wa baridi kali ni raha. Barabara za chini ndizo zilizobaki za magari na za wale ambao hawana shughuli ndani.

Na wale wa zamani? Fundi viatu hakungoja mnara ukamilike ndipo aondoke. Wakati wa ujenzi mabati yalisogezwa hadi yakameza njia ya watu, wateja wakahamia upande wa pili, na biashara inayoishi kwa mteja wa leo haiwezi kusubiri miaka. Huwa tunaulaumu mnara uliokamilika, lakini kifo kilitokea kwenye vumbi, kipindi ambacho hakuna kanuni yoyote iliyokuwa ikimwangalia. Njia ya muda yenye paa, upana wa watu wawili kupishana, ingetosha kuokoa wengine. Mkandarasi mwenye mabati yale aliacha nafasi ya mtu mmoja, tena abebe mzigo kichwani.

Jumamosi

Kiwanja kinachofuata nacho kimeshazungushiwa mabati, na safari hii wamebandika mchoro na tangazo la kikao cha maoni. Mchoroni kuna watu wengi barabarani, wanacheka, mmoja ana puto. Puto limesimama wima, hakuna upepo.

Nitakwenda. Kwa kawaida vikao hivi huishia kwenye ugomvi wa idadi ya ghorofa: upande mmoja unataka 30, mwingine 12, wanakubaliana 24, na kila mtu anarudi nyumbani akijiona ameshinda huku chini hakijaguswa kitu. Vancouver, Kanada, walilipanga kwa namna nyingine. Kuanzia miaka ya 1990 wamejenga minara mingi myembamba, imeachana ili mwanga upite, na miguuni mwa kila mnara kuna safu ya nyumba fupi au maduka, kila moja na mlango wake wa barabarani. Ukitembea pale kinachokukabili ni ghorofa mbili tatu na ngazi za mtu. Mnara upo nyuma na juu, kama jirani mrefu aliyejua kusimama mstari wa nyuma wakati wa picha. Kodi za nyumba za mji huo hazikushuka kwa ajili hiyo, nisije nikadanganya mtu. Lakini njia zake zinatembeleka.

Kwa hiyo nimeandika maswali yangu kwenye karatasi ili nisipandwe na hasira. Ramani ya ghorofa ya chini iko wapi, na kwa nini haikubandikwa pamoja na picha ya puto? Vyumba vya mitambo vinaweza kugeuzwa vitazame uchochoro wa nyuma? Upepo umepimwa, na nani ameona matokeo? Njia ya watu wakati wa ujenzi itakuwa na upana gani? Kingo za miti zina kimo gani, na zitabaki bila vyuma? La mwisho ni dogo: hewa ya moto ya feni itoke kwa juu, mita tatu au zaidi, isimpige mtu usoni. Halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mtu alitaje kabla zege halijamwagwa.