Tunapanga Las Vegas, mimi na kikokotoo changu

Siku hizi watoto wakishalala, baba watoto anafungua picha za mahoteli ya Las Vegas, mimi nafungua kikokotoo. Yeye ndiye mwenye hamu ya meza za karata. Mimi kamari sichezi na sina mpango wa kuanza, ila kazi yangu ni uhasibu, na mji mzima uliosimama juu ya hesabu siwezi kuupita bila kuukagua. Watoto wanabaki kwa bibi yao. Kwenye jimbo la Nevada, uliko mji huo, mtu wa chini ya miaka 21 hachezi wala haruhusiwi kuzubaa kwenye ukumbi wa kasino, na sioni maana ya kumsafirisha mtoto mbali hivyo ili apitishwe mbiombio kando ya mashine za kamari.

Nimeanza na chumba, maana ndipo tulipobishana kwanza. Baba watoto aliona mahali pameandikwa dola 60 kwa usiku akaruka. Nikamwambia tulia. Hoteli nyingi za kule zina ada ya lazima ya kila usiku, wanaiita ada ya risoti, utumie bwawa la kuogelea usitumie. Chukua dola 60, ongeza ada ya 45, halafu weka kodi ya hoteli ya zaidi kidogo ya asilimia 13 juu ya vyote viwili: inafika 119. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inawataka waonyeshe bei yenye ada hizo tangu mwanzo, lakini kodi bado inaweza kukungoja mwishoni, na picha za zamani mitandaoni bado zina bei za zamani. Pia ukifika mapokezi wanashikilia kiasi fulani kwenye kadi yako kama amana. Haikatwi moja kwa moja, lakini kama kadi ni ya benki na hela ndiyo hiyo hiyo ya kula, utaijua.

Siku za wiki nazo zina siri yake. Chumba kile kile Jumanne na Jumamosi ni kama vyumba viwili tofauti. Januari kunakuwa na maonyesho makubwa ya teknolojia ya CES, na Novemba, tangu 2023, magari ya Formula 1 yanashindana usiku katikati ya mahoteli. Hapo bei haishikiki. Kiangazi nimekikataa kabisa. Julai joto la mchana kupita nyuzi 40 ni jambo la kawaida, na tarehe 7 Julai 2024 lilifika 48.9, halijawahi kupimwa kubwa zaidi mjini humo. Tumekubaliana Oktoba, kuingia Jumapili, kutoka Alhamisi.

Tukaja kwenye umbali. Barabara yenye mahoteli makubwa ni Las Vegas Boulevard, na kipande chake maarufu, Strip, kina urefu wa karibu kilomita 7. (Nilicheka nilipogundua kuwa sehemu kubwa ya Strip haimo kabisa ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas. Iko Paradise, chini ya Kaunti ya Clark.) Hoteli ni kubwa kiasi kwamba jicho linadanganyika: unaiona jirani, unasema hapo tu, kumbe kuna kutoka chumbani, kuukata ukumbi wa kasino, kupanda daraja la waenda kwa miguu, kushuka, na kuukata ukumbi mwingine. Hizo kumbi zimepangwa makusudi usipite moja kwa moja. Viatu vipya vinabaki nyumbani. Na madaraja yale, tangu mwanzoni mwa 2024 kaunti imepiga marufuku kusimama juu yake. Nimemsomea hilo mara mbili baba watoto, ambaye hawezi kwenda hatua tano bila kupiga picha.

Sasa meza zenyewe. Nilimwuliza, unajua kule kuna aina ngapi za ruleti, ule mchezo wa gurudumu la namba na kijimpira? Akasema ruleti ni ruleti. Hapana, bwana. Gurudumu lenye sifuri moja lina nafasi 37, lenye sifuri mbili lina 38, na siku hizi Strip kuna la sifuri tatu, nafasi 39. Ukilenga namba moja malipo ni yale yale kwa yote, 35 kwa 1, yaani dola moja ikishinda inakuletea 35. Kwa hiyo katika kila dola 100 zinazowekwa, kwa wastani kasino inabaki na 2.70 kwenye la kwanza, 5.26 kwenye la pili, 7.69 kwenye la tatu. Kijimpira ni kile kile, shangwe ni ile ile.

Karata za ishirini na moja, ambazo ndizo anazozipenda, zina mtego unaofanana. Ukipewa ree na karata ya kumi kwa mkupuo, meza nzuri inalipa 3 kwa 2, yaani dola 10 zinakuletea 15. Meza nyingi za dau dogo sasa zinalipa 6 kwa 5, unapata 12. Imeandikwa pale pale juu ya kitambaa, ila nani anasoma kitambaa? Atasoma. Hilo ndilo sharti langu la kwanza. La pili, hela ya mchezo iko ndani ya bahasha, na kadi ya benki inabaki kwangu. Vinywaji wanaleta bure ukiwa unacheza, unampa mhudumu dola moja mbili za bakshishi. Mimi naona hicho ndicho kinywaji ghali kuliko vyote mjini, ila hilo nimelimeza.

Kuhusu mashine alikuwa na ndoto zake, nikazipunguza. Mgeni asiye mkazi wa Marekani, isipokuwa wa nchi chache zenye mkataba, akiangukia zawadi kubwa ya mashine anakatwa kodi ya asilimia 30 ya zawadi hiyo. Ruleti na karata za ishirini na moja hazikatwi hivyo. Na mashine haina kumbukumbu. Kukaa kwake bila kulipa tangu asubuhi hakumaanishi imekaribia kulipa.

Jioni zangu nimeshazipanga. Chemchemi za Bellagio, zilizopo tangu hoteli ifunguliwe 1998, hazina kiingilio. Mtaa wa Fremont, mjini kwenyewe, ndiko kasino zilikoshamiri baada ya Nevada kuhalalisha kamari 1931, na nataka kuuona kuliko hoteli yoyote mpya.

Bado hatujaelewana kuhusu siku ya kutoka nje ya mji. Yeye anataka Grand Canyon, lile korongo kubwa, ukingo wa kusini, mwendo wa zaidi ya saa 4 kwa gari, hapo ni kwenda tu. Anasema tutoke alfajiri turudi usiku. Nimemjibu kwamba aende salama na aniletee picha. Mimi nitakwenda bwawa la Hoover, chini ya saa moja, nitazame zege lililomwagwa miaka ya 1930, na saa ya chakula cha mchana nitakuwa nimesharudi kwenye kiyoyozi.