Salamanda Mdogo Uani: Mtazame Tumbo Kabla ya Rangi

Ukiinua gogo na kukuta kinyama chembamba kinachong'aa kwa unyevu, usikimbilie kusema ni mjusi. Mjusi ana magamba na kucha. Salamanda ni amfibia, jamaa wa chura: ngozi yake ni laini, vidole havina kucha, na kichwani hakuna tundu la sikio. Miguu yake ya mbele ina vidole 4 kila mmoja, ilhali mijusi wengi wana 5.

Lowesha mikono kwanza. Salamanda wengi wa uani huko Amerika Kaskazini ni wa familia ya Plethodontidae, ambao hawana mapafu kabisa. Hupumua kwa ngozi na kwa utando wa kinywa. Dawa ya mbu au losheni iliyobaki kiganjani hupenya moja kwa moja. Kilicho bora zaidi ni kutomshika: msukume taratibu kwa jani bichi aingie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, wenye maji kidogo. Piga picha ya mgongo, ubavu na tumbo, rula ikiwa kando. Dakika 2 zinatosha. Mkia usiuguse, maana spishi nyingi huukata zikiogopa, na humo ndimo zinamoweka akiba ya mafuta.

Rangi ya mgongo ndiyo inayowapotosha watu wengi. Plethodon cinereus, anayepatikana kwa wingi mashariki mwa Marekani na Kanada, ana sura mbili: mmoja ana mstari mwekundu kuanzia shingoni hadi mkiani, mwingine ni wa kijivu kilichoiva bila mstari wowote. Ukiwaweka pamoja utaapa ni spishi mbili. Wageuze: matumbo yote mawili yana madoa madogo meupe na meusi yaliyochanganyika, kama majivu na unga wa mkaa. Kisha hesabu mikunjo ya ubavuni kati ya mguu wa mbele na wa nyuma. Kwake huwa 18 hadi 20.

Hemidactylium scutatum hufanana naye kwa juu, lakini tumbo lake ni jeupe pe, lenye madoa meusi yaliyotawanyika kama wino uliodondokea sahani. Miguu ya nyuma nayo ina vidole 4 badala ya 5, na mkia umebanwa pale unapoanzia. Tumbo likiwa la njano na kijito kiko karibu, fikiria Eurycea bislineata, mwenye mistari miwili myeusi mgongoni. Ukiona mstari mweupe unaoshuka kutoka jichoni hadi pembe ya taya, na miguu ya nyuma ni minene kuliko ya mbele, huyo ni Desmognathus. Kule California, anayefanana na mnyoo mwenye vijiguu, vidole 4 kila mguu, ni Batrachoseps.

Kwa lenzi ya kukuza mara 10 utaona kifereji chembamba kama unywele kutoka puani hadi mdomo wa juu. Hiyo ni alama ya Plethodontidae. Mtoto wa Ambystoma, salamanda wa familia nyingine, hana kifereji hicho, na kichwa chake ni kipana zaidi. Kijana wa Notophthalmus viridescens ni wa rangi ya chungwa, ngozi imekauka na ina ukwaruzo. Ana sumu, kwa hiyo nawa baada ya kumgusa.

Urefu upime kuanzia puani hadi tundu la haja chini ya tumbo. Ukijumlisha mkia uliowahi kukatika na kuota upya, kipimo kitadanganya. Mwako wa kamera nao uzime, kwani ngozi yenye maji huurudisha na madoa ya tumbo yanapotea pichani.

Usimhamishie bustani nyingine. Kuvu aitwaye Batrachochytrium salamandrivorans, aliyetambuliwa mwaka 2013 baada ya salamanda wa Uholanzi kufa kwa wingi, huenea wanyama wanapohamishwa. Mrudishe palepale: gogo kwanza, kisha yeye pembeni yake, aingie chini mwenyewe. Ukianza na yeye, gogo litamponda.