Turubai halikunjwi bichi

Mjomba ameniuliza tena swali la mwaka juzi, palepale barazani kwetu Mtanda, sinia la maembe likiwa kati yetu. "Mpwa wangu, umekaa Ujerumani miaka tisa, ukanunua gari la watu wawili. Mimi nikija nitakaa wapi? Na mkaza mjomba wako je?"

Swali ni la haki, na sikulijibu upesi. Hapa Lindi gari likishaingia uani si la mtu mmoja tena. Ndilo litakalomwahisha mjamzito hospitali ya Sokoine usiku wa manane, litakwenda mazikoni Nyangao, litarudi na viroba vya makopa na kuku wa bibi miguuni mwa abiria. Gari lisilo na siti ya nyuma ni kama nyumba isiyo na pa kumlaza mgeni.

Aliyejibu ni baba. Muda wote alikuwa kimya akimenya embe. Akasema, "Shemeji, la mwanangu si gari la kubeba watu. Lile ni turubai, wameliwekea injini."

Kwa sentensi hiyo nimeona niandike, maana wengi mnaniuliza kuhusu gari hili na mimi huwa ninatuma picha tu.

Ni Mazda MX-5 ya mwaka 1993, rangi ya kijani kibichi. Ninaishi Potsdam, jirani na Berlin, ninauguza wazee. Aliyeniuzia alikuwa mzee mstaafu ambaye magoti yalishamkatalia. Gari hili liko chini mno, ukiketi unaweza kunyoosha mkono ukakaribia kugusa lami, na yeye alikuwa akiingia hatoki. Alinionyesha kufunga na kufungua paa mara tatu, kisha akanifanya nirudie mbele yake mpaka aliporidhika, ndipo akanikabidhi ufunguo.

Wajapani wa Hiroshima walilitoa hadharani mara ya kwanza Februari 1989, kwenye maonyesho ya magari ya Chicago. Waingereza ndio waliokuwa na sifa ya magari madogo ya wazi, lakini MG na Triumph za aina hiyo zilikuwa zimeacha kuundwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mazda wakalifufua wazo lile kwa ufundi wao: injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, gia tano za mkono, na taa zinazoinuka ukiziwasha kisha zikalala tena. Wanao msemo wao, jinba ittai, farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja. Yamekwisha kuundwa zaidi ya milioni moja, na hakuna gari jingine la michezo la viti viwili lililouzwa kwa wingi kama hili.

Uzito wake ni kilo 950 na ushei. Baba alipousikia alipiga hesabu papo hapo: gunia la korosho la kilo 80, basi gari zima ni magunia 12. "Lori letu la Bedford lilikuwa haliyasikii magunia 12," alisema. Mimi ninayasikia. Kwa wepesi huo kila kitu kinakufikia mkononi: kokoto, kona iliyolowa, upepo wa lori linalokupita. Halina mbio za ajabu. Kwenye barabara kuu za Ujerumani hata magari ya mafundi bomba hunipita, na sina haja ya kushindana nayo. Njia zangu ni zile nyembamba za Brandenburg zilizopandwa miti pande zote mbili, mwendo wa 70, jua na kivuli vikipishana usoni, na harufu ya majani yaliyokatwa ikiingia bila kubisha hodi.

Sasa paa. Ni kitambaa juu ya fremu ya chuma, halina mota wala kitufe. Unafungua zipu ya dirisha la nyuma, ambalo ni la plastiki laini, unalilaza taratibu. Unaachia komeo mbili zilizo juu ya kioo cha mbele. Unaisukuma fremu nyuma, kitambaa kinajikunja na kulala nyuma ya viti. Nusu dakika imekwisha. Nilipolinunua tu nilimpigia baba. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Paa lake likoje?" Hakuuliza bei wala mwendo.

Baba alikuwa utingo kwa miaka kumi na saba. Walikuwa wakipakia korosho Newala na Tandahimba na kuziteremsha bandarini Mtwara, na msimu ukiisha wakichukua shehena za Dar es Salaam. Anayepanda basi Lindi leo alfajiri akala chakula cha mchana Dar hawezi kuijua njia ile. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikikolea malori yalilala kwenye tope siku baada ya siku. Lori likifika hatimaye, mwenye mzigo hakuwa na neno na dereva. Alimwendea utingo: magunia yameloa? Korosho iliyolowa inaota ukungu na kushuka daraja, na jasho la mkulima wa mwaka mzima linaishia hapo.

Kwa hiyo turubai lilikuwa kazi ya baba, na kwa kweli lilikuwa heshima yake. Alikuwa akirudi safari anatuita uani, kila mtoto anashika pembe, linatandazwa, linapigwa jua pande zote mbili. Alikuwa na sheria zake. Turubai halikunjwi bichi. Halikunjwi pale pale lilipokunjwa jana, maana mkunjo ukizoea utakatika. Kamba huvutwa kutoka katikati kwenda pembeni. Na maji usishindane nayo, yape njia yapite. Mimi nilizisikia sheria hizo nikiwa na miaka sita, nikazichukua kama watoto wanavyochukua maneno ya wakubwa: yamo masikioni lakini mkono haujui.

Mwaka wa kwanza nikakosea. Nilitoka zamu ya usiku, mvua ilikuwa imenyesha, jua la asubuhi likanitamanisha, nikalikunja paa likiwa limelowa. Nikafika nyumbani nikalala, kesho yake zamu tena, siku nne hazikukawia. Nilipolifungua lilikuwa na madoadoa meupe ya ukungu na harufu ya chumba kilichofungwa, na plastiki ya dirisha ilikuwa na alama ya mkunjo ambayo haikutoka tena. Nilimweleza baba. Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akanielekeza: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini, likauke likiwa limevutwa, lisikauke likiwa limekunjwa. Akaongeza kwamba plastiki ikiwa ya baridi isiguswe, ingojewe ipate joto. Hajawahi kuliona gari hili kwa macho, lakini hilo ndilo hasa wanalosema mafundi wa Kijerumani.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, na lilitokana na sheria ya nne. Nyuma ya viti, kila upande, paa lina tundu dogo la kutolea maji ya mvua, ambayo hupita ndani ya bodi na kumwagika chini, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Majani ya miti yaliziba matundu hayo. Maji yakakosa njia, yakatuama ndani ya vizingiti vilivyo chini ya milango, na kutu ikala chuma kutokea ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Fundi alikata, akachomelea bamba jipya, siku mbili nzima. Tangu hapo kila mwezi ninamimina jagi la maji na kuinama kulingoja litoke upande wa pili. Likitoka, nina amani ya mwezi mzima.

Kutu imenifundisha jambo jingine linalowashangaza watu hapa nyumbani. Ulaya wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi! Ile inayovunwa kwenye mashamba yetu huku pwani, wenzetu wanaimwaga barabarani kwa malori. Na sisi wa Lindi hatuhitaji kuelezwa chumvi inafanya nini kwenye chuma. Bati letu la jikoni linajua, na baiskeli ya mjomba inajua. Kwa hiyo gari langu halitoki nje majira hayo. Ujerumani kuna namba za msimu: pembeni mwa kibao huandikwa mwezi wa kuanza na wa kuishia, langu ni 04 juu na 10 chini. Kodi unalipa ya miezi hiyo tu. Kuanzia Novemba mpaka Machi sina ruhusa ya kuliendesha, hata kuliegesha barabarani ni kosa. Ninalisafisha, ninalikausha, ninalifunga paa likiwa limevutika, ninachomoa betri iliyomo kwenye buti, kisha ninapanga likizo yangu. Ndiyo sababu mnaniona Lindi kila Desemba.

Kaka yangu hutaka nilisafirishe lije. Sitafanya hivyo. Usukani uko kushoto, ushuru wa uchakavu kwa gari la umri huo ungenitoa machozi, na tumbo lake liko sentimita chache tu kutoka ardhini. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar kule Somanga. Nililiwazia gari langu pale nikaona hata kulifikiria ni dhambi. Mahali pake ni kule.

Lakini mjomba hakuuliza habari za kutu, aliuliza atakaa wapi. Nilimjibu: utakaa wewe kwanza, kisha mkaza mjomba zamu yake. Ninajua jibu hilo linasikika kama uchoyo, ila nimejifunza kwamba anayepanda peke yake husema asiyoyasema kwenye gari lililojaa. Nilimchukua binti mmoja wa Masasi, muuguzi mgeni, aliyekuwa amepita kipindi chake cha kwanza cha baridi. Ilikuwa Aprili, wiki ya kwanza ya namba zangu, nikashusha paa tukavaa kofia na makoti. Baada ya kilomita kama kumi akaanza kulia. Sikumuuliza. Baadaye akasema tangu ashuke kwenye ndege miezi saba nyuma alikuwa hajapigwa na upepo bila kuukimbia. Tulizunguka mpaka giza lilipoingia, akanisimulia habari za mama yake mwanzo hadi mwisho.

Agosti iliyopita nililiendesha mwenyewe hadi kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Berlin. Yumo mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa, urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani. Wajerumani walimchimbua huku kwetu kati ya 1909 na 1913, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa na wapagazi, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Nilisimama chini yake nikiwa na uchungu ambao sikuutegemea. Ninaamini anapaswa kurudi, na nitaendelea kusema hivyo. Makumbusho hayo bado yana mafurushi ambayo hayajafunguliwa tangu enzi hizo, mifupa ikiwa imezungushiwa mianzi na kukazwa kama pipa.

Jana nilimwonyesha baba picha ya furushi moja kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaisogeza polepole kutoka mwanzi hadi mwanzi. Mjomba alitaka kuona, baba akamwambia asubiri. "Huyu aliyefunga," akasema, "alijua mzigo unakwenda mbali." Akaiangalia tena. "Tena hakutegemea kuufungua yeye."

Hapo ndipo wingu lilipotokea upande wa Kitunda, limekaza. Uani kulikuwa na makopa ya shangazi yameanikwa. Baba aliinuka akaingia ndani, akatoka amelikumbatia turubai la Bedford, lile lile, limepauka, pete zake za shaba zimeota kijani. Hakuna aliyeitwa. Mimi nilishika pembe ya mnazi, kaka ya jikoni, mjomba akaacha embe lake akashika ya nne. Tukalitandaza juu ya makopa, baba akavuta kamba kutoka katikati kwenda pembeni, akaacha upande mmoja umeinama kuelekea mtaroni. Mvua ikashuka.

"Na hilo lako linavutwa hivi hivi?" mjomba aliniuliza, maji yakimtiririka usoni.

"Hivi hivi, mjomba."

Makopa hayakuloa. Mvua ilikatika kabla ya magharibi, na turubai bado liko uani ninapoandika, limetandazwa juu ya kamba ya nguo. Upande wa chini lina unyevu, na baba amekataza mtu yeyote kuligusa.