Mlango wa Kuinuliwa

Mlango wa dereva wa Volkswagen yetu ulikuwa na masharti. Ukitaka kuufunga, uuinue kwanza kwa mkono, kisha uusukume kwa nyonga mpaka usikie kitasa kimeng'ata. Ukisahau kuinua, unadunda na kukurudia. Baba aliyafanya hayo bila kufikiri, kama mtu anayevua viatu kibarazani. Waliopata tabu ni wageni.

Gari lilikuwa la mwaka 1972, lile la mgongo wa kobe. Lina milango miwili tu, kwa hiyo kila mmoja ni mrefu, na uzito wote unaning'inia kwenye bawaba mbili. Tena Baba, mtu wa mwili, kila akishuka aliuegemea mlango kama mkongojo.

Desemba 1998 mvua ya vuli ilimwingilia kwenye ule mwanya wa juu, akalowa bega kutoka Muheza mpaka Tanga mjini. Kesho yake nikatumwa na gari kwa fundi mmoja mtu mzima, Ngamiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Weka kidole hapa."

Akanielekeza kwenye bawaba ya juu, yeye akashika ncha ya mlango, akaupandisha na kuushusha. Nikasikia pini ikicheza ndani ya tundu. Akaikagua nguzo ya bodi, akaigonga hapa na pale. Kutu haikuwa imeila, la sivyo habari ingekuwa nyingine. Halafu akakwangua rangi juu ya bawaba kwa ncha ya bisibisi, kikatokea kitundu kidogo.

"Hapa ndipo panapotiwa oili. Gari hili limepigwa rangi mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi mara mbili limezibwa mdomo."

Alikita jeki na ubao chini ya mlango, akatandika taulo kuukuu ili rangi isichubuke. Pini zilikataa kutoka. Mafuta ya taa, nyundo, moto kidogo, nyundo tena. Kazi hiyo peke yake ilimaliza asubuhi nzima. Ya juu ilipochomoka ilikuwa imeliwa katikati mpaka ina kiuno. Nikadhani tutanunua mpya tuipachike, tumalize. Fundi akanionyesha tundu: halikuwa duara tena, lilikuwa yai. Pini mpya ya kipimo kilekile ingecheza vilevile. Akayapanua matundu kwa drili, taratibu, jeki ikiwa imebeba mlango ili keekee isivutwe upande mmoja. Kisha akatoka na shafti ya shokapu mbovu, akarudi alasiri na pini mbili zilizokerezwa, nene kidogo kuliko za zamani. Ziliingia kwa kugongwa, na oili ikafuata kwenye vitundu.

Mlango ukakaa sawasawa. Mwanya wa juu ukatoweka.

Ila haukufunga kabisa!

Nilichoka. Fundi alichuchumaa kwenye nguzo ya nyuma, pale panapopokea ulimi wa kitasa, akacheka peke yake. Kumbe kuna fundi aliyemtangulia: badala ya kutibu bawaba, alikishusha kile kipokeo kikaufuate mlango ulikoangukia. Alama za skrubu za awali zilionekana chini ya rangi. Simjui mtu huyo, na hata leo nina kinyongo naye kidogo, maana pesa alichukua. Kipokeo kikarudishwa juu mahali pake, na fundi akaufunga mlango kwa vidole viwili, mara tatu, kwa raha zake tu.

Jioni Baba alilichukua gari kwenda msikitini. Aliporudi nilikuwa nimekaa barazani, nikimngoja asifie. Akashuka, akaushika mlango, akauinua kwa nguvu zote. Haukuinuka. Akausukuma kwa nyonga, ukajibamiza kwa kishindo hata Mama akachungulia dirishani kuuliza nani amegongwa.

"Wamekaza mno," Baba alisema, huku akisugua kiganja.

Gari tuliliuza 2003. Mpaka siku hiyo alikuwa akiuinua.