Baba bado anasikiliza malori

Basi lilipoingia Uyole, mlangoni mwa Mbeya, jua lilikuwa limeshaegemea, na baridi ikanipiga shingoni kupitia dirisha ambalo abiria wa mbele alikataa katakata kulifunga. Hapo ndipo nilipoamini kwamba nimerudi. Tangu alfajiri nilikuwa nahesabu vituo: Mikumi, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kona za Kitonga, Ipogolo, Makambako, Igawa. Nilipoondoka miaka 12 iliyopita basi nililipandia Ubungo. Safari hii nimelipandia Mbezi. Mengine yote niliyakuta kwa mpangilio uleule niliokuwa nao kichwani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ugonile?" Kisha, kabla hajauliza habari za Marekani wala za afya yangu: "Kitonga mmepitaje? Malori mengi?"

Alikuwa utingo. Ndiyo maana.

Kule nilikokuwa naishi ni Albuquerque, New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, na kazini kila siku nilikwenda kwa basi la Central Avenue. Barabara hiyo ndiyo Route 66 yenyewe, iliyotoka Chicago hadi Los Angeles. Ilipopewa namba mwaka 1926 iliingia mjini ikitokea kaskazini, upande wa Santa Fe, ikapita Mtaa wa 4. Mwaka 1937 wakainyoosha ikapita mashariki kwenda magharibi, na mji wote ukageuza uso kuifuata: moteli, vituo vya mafuta, migahawa, mataa ya neoni. Baadaye barabara kuu mpya, I-40, ikajengwa pembeni. Wasafiri wakahamia huko, moteli zikaanza kufa moja moja, na mwaka 1985 Route 66 ikafutwa kabisa kwenye orodha ya barabara kuu.

Nilikuwa napita pale nikiifikiria Mbeya tu. Kwa sababu na sisi barabara yetu iligeuzwa.

Mji wetu ulianza miaka ya 1920, wachimbaji walipokimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya. Barabara kubwa ya wakati huo ilikuwa ile ambayo Waingereza waliiota itoke Cape hadi Cairo: kutoka Tunduma ikaja Mbeya, ikaenda Iringa, Dodoma, Arusha, hadi Nairobi. Kusini na kaskazini. Bahari haikuwa na habari na sisi. Babu naye alielekea kusini, migodini Afrika Kusini, kwa Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi, kama vijana wengi wa Kinyakyusa kabla ya Uhuru.

Halafu tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Kizungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya sasa, wakajitangazia uhuru wao. Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilipita huko, ikajikuta imebanwa koo. Mojawapo ya njia zilizobaki ilikuwa ya kuja kwetu, hadi bandari ya Dar es Salaam. Barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya matope masika. Malori yakapanda na mapipa ya mafuta, yakashuka na shaba. Wazungu waliiita njia ya jehanamu. Baba aliingia kazini mwaka 1967 akiwa na miaka 18, na anasema walikuwa wakilala chini ya lori siku tatu wakisubiri matope yakauke, wakipika ugali kwenye debe.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kufanya kazi hadi Ndola, Zambia. Lami ikafuata, ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina bega kwa bega na vijana wetu. Mbeya ikawa mlango. Mji wa zamani ulibaki kule juu, Uhindini na Uzunguni, chini ya mlima Loleza, lakini uhai ukateremka barabarani: Mafiati, Mwanjelwa, Soweto, Iyunga. Anayetaka kuijua Mbeya asianzie juu, aanzie Mwanjelwa.

Barabara ilichukua pia. Mama mdogo alikuwa anauzia madereva wali. Alifariki mwaka 1994, wakati ule ugonjwa wenyewe hautajwi kwa jina, watu wanainamisha macho tu. Mtaa wetu ulizika sana miaka ile. Siwezi kuisifia barabara hii nikamruka yeye.

Sasa nimekuta kazi ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Naifurahia kwa moyo wote, kwa sababu foleni ya malori na bodaboda pale Mafiati imeua watu. Barabara ya mchepuko ya malori nayo inazungumzwa. Ikijengwa, tutapumua. Lakini nimeishi kwenye mji uliopitiwa pembeni, nimeona moteli zilizopigwa mbao madirishani. Wale angalau wametunza alama: pale Central inapokatana na Mtaa wa 4, watu wanatoka mbali kuja kupiga picha njia ya zamani inapokutana na ile mpya. Sisi tuna nini? Tuna wazee, na kila mwaka wanapungua.

Jana nilisimama na baba kando ya barabara, Soweto. Likaja lori refu likitokea Tunduma, tela kama tupu. Lilipokaribia nikaona mabamba ya shaba yamepangwa mafungu mafungu, hayafiki hata magotini, yamekazwa kwa mikanda, kingo zake nyekundu zinang'aa. Shaba ni nzito, tela halijai hata siku moja. Baba hakuwa ameinua uso. Macho yake siku hizi hayaoni mbali.

"Lile limebeba," alisema. "Usiangalie bodi. Sikiliza injini."

Nikamuuliza kama angekubali nimrekodi. Akanyamaza kidogo, akasema kuna mwenzake Mbalizi, alikuwa dereva wake, anakumbuka kuliko yeye; tuanze na huyo kabla hajachoka. Tunakwenda Jumamosi. Koti lake la safari ameshalitoa sandukuni, limeanikwa kwenye kamba.